Maranda kwenye mtungi wangu

Jumamosi, Mkiwa

Maranda! Miaka yote hii nafukiza mtungi wa pombe kwa moshi wa kuni za mlama ili pombe inukie, kama mama alivyonifundisha. Leo wifi yangu Debora kaufukiza kwa maranda ya mninga aliyozoa kwa fundi seremala. Sikuulizwa. Narudi kutoka kisimani, nakuta pombe ya mtama imeshamiminwa humo.

"Mlama wote umeondoka na malori ya mkaa, wifi," ananiambia. "Siku hizi biashara huria, nani atatuachia mti?"

Ni kweli. Lakini ndiyo achezee mtungi wangu? Kesho majirani wanakuja kutusaidia kuvuna, na baba mkwe asipoionja akaikubali, inamwagwa yote. Aibu itakuwa yangu, si ya Debora.

Jioni nikampelekea mzee kata moja. Akanywa yote. Akaomba ya pili.

"Mwanangu, leo ndiyo umepika."

Leo! Kwa hiyo miaka kumi na minne nilikuwa namnywesha nini?

Nikapiga goti, nikapokea kata, nikasema, "Asante, baba."

Debora alikuwa amesimama pale pale, ananitazama.