Mwambie Baba Aseme Inauma

S.L.P. 61,
Rongai.
Jumapili, 14 Septemba 2008

Mpendwa Baba Mdogo Gedion,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, Mama Mdogo na watoto mko wazima huko Kanada, na kwamba baridi haijaanza kuwafungia ndani. Mama ana nguvu zake. Mvua ilitukumbuka na mahindi yamebeba, ingawa mwaka huu tulilima nusu ya shamba tu.

Mimi bado nafundisha Nakuru na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Jirani yetu Mzee Thuo hajarudi tangu vita vya Januari. Nyumba yake imebaki kuta. Alikuwa ndiye mtu wa kumchokoza Baba mpaka acheke, na sasa Baba hapiti tena upande ule.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani hukaa mfukoni mwa Baba, na ukimuuliza yeye atakwambia yuko sawa. Hayuko sawa.

Unakumbuka alipasuliwa henia Novemba mwaka jana, kinenani upande wa kushoto. Kidonda kilifunga vizuri, hata kovu huwezi kuliona haraka. Maumivu ndiyo hayakuondoka. Hawezi kufunga mshipi. Akikohoa hushika ukuta. Kanisani husimama nje karibu na dirisha, eti anapenda hewa. Mtoto wa dada Jelagat alimrukia mapajani, Baba akamsukuma, mtoto akaanguka. Baba Mdogo, yule mtu hajawahi kusukuma mtoto. Siku hizi mtoto humsalimia akiwa mlangoni, haingii.

Nimefikiri sana jinsi tulivyofika hapa. Kule wodini muuguzi alipomletea dawa ya maumivu, Baba alimwambia ampelekee kijana wa kitanda cha pili aliyekuwa analia. Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu. Daktari aliyempasua akasoma, akamruhusu kwenda nyumbani. Kila mmoja alifanya sehemu yake na hakuna aliyeuliza zaidi. Kisha barabara zikafungwa, na siku yake ya kurudi kliniki ikapita.

Sasa henia imetokea upande wa kulia. Madaktari wanasema lazima itolewe, maana utumbo ukinaswa humo unaweza kumuua.

Nimempeleka hospitali nyingine huko Nakuru ambako wanafanya kazi kwa pamoja. Mpasuaji, Daktari Simran wa ganzi, muuguzi wa wodi na Naftaly wa mazoezi ya viungo wanakaa na mgonjwa kabla ya kisu. Daktari Simran alinieleza kwamba maumivu yakiachwa makali siku zile za kwanza, mishipa ya fahamu inaweza kuzoea kupiga kelele hata baada ya kidonda kupona. Kwa hiyo watatia ganzi mahali penyewe kabla ya kukata, watampa dawa kwa saa zake bila kungoja aombe, Naftaly atamtembeza mapema, na muuguzi atampigia simu hata Baba akisharudi nyumbani. Hakuna anayeweza kuahidi, alisema, lakini nafasi ya kupona vizuri inakuwa kubwa zaidi. Ila yote yanategemea jibu la mgonjwa mwenyewe.

Na jibu la Baba ndilo hili. Daktari Simran alimuuliza upande wa kushoto unauma vipi.

“Kama kuumwa na siafu,” Baba akasema.

“Siafu mmoja ama kundi, mzee?”

“Mmoja. Tena mtoto.”

Naftaly akacheka. “Basi huyo mtoto wa siafu amekula mshipi wako!”

Hata mimi nilicheka. Baba hakucheka. Daktari akasogeza kiti karibu, akamwambia polepole, “Mzee, mimi sikuulizi kama wewe ni mwanaume. Hiyo naiona. Nakuuliza kama inauma.”

Baba akachukua kofia yake. “Jepleting, twende. Hawa watu wanataka nilie.”

Wamempa siku nyingine, Alhamisi tarehe 16 Oktoba. Anasema ataenda akatwe tu, bila maswali. Naogopa atatoka huko na pande mbili za kuuma badala ya moja.

Jana mchana nilienda ghalani kuchukua gunia. Baba alikuwa amesimama peke yake, paji la uso kwenye nguzo, mkono kwenye nyonga. Hakuniona. Alikuwa anaita, “Gedion. Gedion.” Kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mwenzake aliyemtangulia njiani. Nilirudi nyuma nikaenda kukaa jikoni. Mama aliniuliza gunia liko wapi, nikamwambia nimelisahau.

Baba Mdogo, mlisimama pamoja jandoni. Najua si jambo la mtoto wa kike kulitaja, unisamehe. Sisi tukimwambia aseme inauma, yeye anasikia tunamwambia awe mwoga. Wewe ulikuwa kando yake siku ile. Unajua hakutikisika. Hakuna mwingine anayeweza kumwambia kwamba siku ile ilikwisha, kwamba alishinda, na kwamba sasa hakuna anayemtazama ili amcheke.

Nisalimie Mama Mdogo, na Kiprugut, na Jerop wangu ambaye sijui kama bado ananikumbuka. Mama na Jelagat wanawasalimu. Aliyewafikisha huko salama azidi kuwafunika.

Barua hii ikikufikia, piga simu kabla ya siku hiyo. Usimuulize anaendeleaje. Anza wewe, umwambie mahali panapokuuma.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Jepleting