Swabir Chirau, Aliyemwandikisha Mkewe Kila Kikundi

Mwaka umetimia, Swabir, tangu alasiri ile ulipolalamika kifua, ukakimbizwa hospitali ya Msambweni, na kabla ya Isha tukaletewa habari kwamba umetangulia. Watu walituambia tuwe na subira, siku zikipita tutapoa. Siku zimepita, hatujapoa.

Ulikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, mtu wa mashuka na taulo, mcheshi, mpenda chai iliyokolea sukari hadi mama yako akanuna. Ulitoka zamu mchana. Wenzio walipitia barazani kucheza bao, wewe ulikwenda moja kwa moja nyumbani kuwapikia wanao, Zainabu na Mwero, ili mama yao abaki chuoni. Walikuita mume bwege. Ulicheka tu, ukaendelea kukuna nazi.

Mkeo Esha alikuwa anasomea Kiingereza, na mwaka mzima wa kwanza hakufungua kinywa. Aliyajua yote, lakini mwalimu akiuliza swali, yeye alitazama sakafu. Siku moja ulikwenda kumchukua, ukaona karatasi zimebandikwa ukutani, ukamuuliza bawabu ni za nini. Akakwambia ni vikundi vya wanafunzi baada ya masomo, anayetaka anaandika jina lake. Kiingereza hukukisoma, nawe hukutaka kuuliza mara mbili. Ukamwandika Esha kwenye karatasi zote: mdahalo, maigizo, kuwasomea watoto hadithi maktabani, na kwaya ya Krismasi.

Wiki ile alikuja Purity, msichana wa Taru aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wale, akabisha hodi kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Namuulizia Esha. Ataimba sauti ya kwanza au ya pili?"

Mama alikuwa anapepeta mchele, ungo nusura umponyoke. "Aimbe wapi, mwanangu? Huyu mkaza mwanangu ni binti wa maalim!"

Ulipoeleza ulivyofanya, tulicheka mpaka Purity akaketi mkekani akacheka nasi. Kwaya ikafutwa, mdahalo ukabaki. Na mdahalo ndio uliomfungua. Ulikuwa ukisema, "Darasani wanamtia maneno, kule ndiko anakoyatoa." Jioni alijizoeza mbele yako kwa Kiingereza, nawe usiyeelewa hata nusu ulisimama na mwiko mkononi ukamjibu kwa Kidigo, "Napinga!" Ulipinga kila kitu. Watoto walipiga kura, na dada yako Mwanarusi kila mara alimpigia wifi yake, ukamwita msaliti wa damu.

Esha akawa si yule. Alichaguliwa kuongoza kikosi kilichokuwa kiende Nairobi kushindana na vyuo vingine. Waliong'ara huko mwaka uliotangulia waliitwa kusoma habari redioni, na hilo Esha alilitaka kuliko cheti chenyewe. Hakumwambia mtu ila wewe, nawe hukujua kuficha siri, ukatutangazia sote.

Kisha ukatutoka. Esha akaingia eda, na safari ya Nairobi ikaangukia mle mle ndani ya eda. Tulimwendea ustadhi, tukamleta nyumbani aseme mwenyewe. Alizungumza kwa upole, wala hatumlaumu.

"Masomo ya mchana ni haja, aende na arudi. Lakini safari ya kulala nje kwa ajili ya mdahalo si haja, wanangu."

Esha alikuwa nyuma ya pazia. Tulingoja aseme neno, maana tulikuwa tumeshazoea kumsikia akijenga hoja. Akajibu, "Sawa, ustadhi." Basi.

Purity na wasichana wenzake walikuja wakaketi naye chumbani, wakabishana huko ndani kwa Kiingereza mpaka mama akaweka tasbihi chini asikilize. Tukadhani labda ataanza tena kusema. Wakaja tena mara moja, halafu mitihani ikawabana, na kikosi kikaenda Nairobi na kiongozi mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo dunia ilivyo, na si kosa la wale watoto.

Alipotoka eda, hoteli ilimpa kazi yako. Walifanya wema na tuliwashukuru, maana wanao wanakula. Ila zamu waliyokuwa nayo ni ya saa nane mchana hadi usiku, na mdahalo huanza saa kumi. Mwanarusi alimwambia, "Wifi, watoto niachie mimi, wewe nenda kwa wenzio." Akajibu, "Watoto si shida, wifi. Saa kumi niko kwenye pasi." Asubuhi bado anahudhuria darasa. Wenzake wanatuambia amerudia kutazama sakafu. Tumembembeleza, tumemkaripia, tumemwombea dua. Hatujaweza, Swabir. Ulichokuwa ukimpa wewe sisi hatunacho, na hatujui tukitafute wapi.

Wiki iliyopita mashindano ya vyuo vya pwani yalifanyika katika ukumbi wa hoteli hiyo hiyo. Esha ndiye aliyepiga pasi vitambaa vya meza, ndiye aliyevipeleka kwa toroli na kuvitandika. Purity alimwona, akamjia mbio.

"Dada Esha! Kaa nasi hapa mbele, wanakaribia kuanza."

"Niko kazini, mdogo wangu. Mungu awafanikishe."

Akasukuma toroli lake akatoka. Yule wa kwanza kusema alikuwa ameshaanza, na Esha alimsikia mpaka mlango ulipojifunga. Aliporudi nyumbani mama alimtilia chai, akamuuliza, "Kulikuwaje huko?"

Akasema, "Vitambaa vilinyooka, mama."

Wanakukumbuka mkeo Esha, wanao Zainabu na Mwero, mama yako Bi Mwanamkasi, dada yako Mwanarusi, na ukoo wote wa Chirau, Matuga hadi Jego. Kisomo chako tutakifanya Ijumaa asubuhi badala ya alasiri, ili Esha awahi zamu.

Mola akulaze pema, Swabir. Hututoki moyoni mpaka siku nasi tutakapokufuata.