Tanuri Likae Mbele

4 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Muuguzi kanieleza kuwa sauti imekataa kabisa, ila kalamu bado inakutii, naye atanitumia picha ya kila utakachoandika. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu.

Nimepata tanuri la mikate, kuukuu ila zima. Jumamosi nalileta kwa pikapu yangu na trela ya kuazima. Nilipolipakia mbele ya trela, pikapu ilikaa kitako, taa zikamulika vilele vya miti. Muuza vipuri akaniambia, "Funga kiungo cha trela chenye vyuma vya springi, bosi, utavuta hata nyumba!" Nichague chenye nguvu gani? Au niache? Maana nimelisogeza tanuri hadi mwisho wa trela, na sasa shingo ya trela, pale inaposhikana na pikapu, naiinua kwa mkono mmoja, kama ulivyomwonyesha baba asubuhi ile alipokuwa akipakia trela yake. Nakumbuka alivyocheka: "Mhandisi amesema, nani abishe?"

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, pumzi za kuazima kama trela yako.

Rudisha tanuri mbele. Trela na mzigo wake ni kama kilo elfu mbili. Shingo lazima iilalie pikapu kwa kilo mia mbili hadi mia tatu, la sivyo trela itapiga mkia, iyumbe huku na huku. Kisha nunua kiungo. Usimsikilize muuza vipuri: uwezo wa kuvuta umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na hakuna chuma kinachouongeza. Kiungo hurudisha tu sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, usukani ushike barabara. Chagua vyuma kwa uzito wa shingo pamoja na vitu ulivyopakia kwenye bodi ya pikapu. Vikiwa dhaifu havisaidii. Vikizidi nguvu vitakurusharusha.

Usiniulize mengi. Rudisha tanuri.

Baba yako Mkubwa

7 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa homa. Mbona leo unaligeuka neno lako mwenyewe? Mama anasema ni dawa zinakuchanganya. Nimeijaribu trela mtaani, inafuata kama mbuzi mwenye kamba. Kesho alfajiri naondoka na tanuri likiwa nyuma. Najua mteremko ni uleule uliomchukua baba, lakini usiogope. Mimi si mlevi.

Mwanao

7 Mei, jioni

Mwanangu,

Leo sina salamu. Baba yako hakuonja pombe siku ile.

Trela yake niliipanga mimi. Pampu ya maji aliyokuwa akiisafirisha ilikuwa mbele, gari likalala nyuma, nami nikaona haya kushindwa mbele ya mdogo wangu. Nikaamuru pampu isogezwe nyuma. Shingo ikawa nyepesi, nikajisifu. Mteremkoni trela ilipiga mkia, ikamzungusha, ikamtupa bondeni. Nilipofika na kuona alama za matairi, nilielewa yote. Mtu mmoja akasema, "Huyu alikuwa amelewa tu." Wote wakanigeukia mimi, mhandisi. Nikainamisha kichwa. Wakaona nimekubali.

Sikujua kuwa wewe uliona, sembuse kwamba umeitunza kauli yangu kama wosia.

Nichukie, mwanangu, lakini uwe hai unichukie. Rudisha tanuri.

Baba yako Mkubwa

10 Mei

Baba Mkubwa,

Tumefika.

Muuguzi aliituma picha nikiwa nimeshaondoka, na njiani hapakuwa na mtandao. Barua yako iliingia juu ya mlima, niliposimama kukaza turubai. Trela ilikuwa imeshaanza kunivuta shati. Niliposoma nilikaa chini, mgongo kwenye tairi, hadi mafundi wa barabara wakaja kuuliza kama naumwa. Hao ndio walionisaidia kulisukuma tanuri mbele. Nikaiacha pikapu pale na mlinzi wao, nikarudi kwa basi kununua kiungo, vyuma vya kadiri uliyosema. Jana nikashuka taratibu, usukani ukishika. Kule chini nilizima injini, nikashuka kukagua kamba za tanuri.

Miaka yote mama amekuwa akipita njia za uani kwa aibu ya pombe ambayo baba hakuinywa. Bado sijamwambia, na sitamwambia. Mzigo huo ni wako. Jumapili nakuja kukuchukua, bila trela. Utaandika mbele yake, nami nitamsomea kwa sauti, neno kwa neno.

Salamu nitakupa siku hiyo, nikiweza.

Usife kabla.

Mtoto wa mdogo wako