Mtoto wa Kulinganisha

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji na wanao wawili, na kwamba lile goti linalokusumbua tangu mwaka jana limeanza kukuruhusu kupanda ngazi. Mimi sijambo. Kazi zipo. Karakana sasa ina mafundi tisa, na wiki hii tunakabidhi masanduku ya usingizi arobaini na mawili kwa wachimbaji wanaokwenda sayari za nje, watu watakaolala miaka minne njiani na kuamka wakiulizia chai. Kifua tu kinanibana kwa harufu ya rangi, lakini hilo si la kukupa wasiwasi, na sidhani kama litakupa.

Nimepata barua zako zote tatu. Ya kwanza ilikuwa na adabu, ya pili ilikuwa na herufi kubwa, na ya tatu umesema ukinitia mkononi utanizaba kibao kama zamani. Maswali ni yale yale: Mzee amelazwa ghala gani, ataamka tarehe gani, na kwa nini sipokei simu. Simu sipokei kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii nataka umalize kunisikiliza. Hayo mawili mengine yananilazimu nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka siku nilipoletwa nyumbani. Ulikuwa na miaka tisa, mimi mitano. Mzee, wakati huo akiwa kapteni, alinishusha kwenye gari la jeshi nimevikwa sweta ya askari inayofika miguuni, akakwambia mimi ni mdogo wako, nilikuwa nakaa kwa bibi. Nami akaniambia wewe ni dada yangu, ulikuwa unakaa kwa bibi. Huyo bibi lazima alikuwa na jumba kubwa kweli, maana tulikaa kwake wote wawili miaka yote hiyo bila kupishana hata kwenye mlango wa choo.

Mama alitoka jikoni akasimama. Nilivyomwacha mimi, nywele zake zilikuwa nyeusi tii. Niliyemkuta alikuwa na mvi mbele yote. Nikamwuliza amejimwagia unga? Akacheka, akaingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo mpaka sufuria ikaungua. Wewe ndiye uliyezima jiko. Uliniangalia kama mtu anayeangalia mzigo ulioletwa nyumba isiyokuwa yake, na tangu jioni ile ukaniita Kifurushi.

Hukuwa mjinga. Ulijua hujawahi kuwa na mdogo. Ukapiga hesabu zako: mtoto wa miaka mitano kashuka kutoka kwenye gari la jeshi, mama analia bafuni, baba haelezi. Ukapata jibu kwamba Mzee alinizaa nje. Sikulaumu kwa hesabu hiyo. Kwa tarakimu ulizokuwa nazo, hata mimi ningefika hapo hapo. Nakulaumu kwa jinsi ulivyoitumia. Mama alipofariki mimi nikiwa na miaka saba, uliwaambia shangazi zetu kwamba mimi si wa kukaa mbele na wafiwa, nikapelekwa kukaa na majirani. Picha ya siku ile ninayo. Nahesabu watu ishirini na sita, na mkono wangu mmoja ukingoni. Nguo zake mligawana, mimi nikapata mfuko zilimokuwa. Nilipoondoka nyumbani nina miaka kumi na saba, nimevaa viatu vyako vya zamani vinavyonipwaya, ulinisindikiza mpaka getini na kuniuliza kama naenda kumtafuta mama yangu.

Mzee alikuwa sebuleni, akasikia, akageuza ukurasa wa gazeti. Unamjua. Ukimwuliza ametoka wapi, hilo ni la kazi. Ukimwuliza kwa nini chumba chake kina kufuli mbili, hilo ni la kazi. Mama aliwahi kusema kwamba hata ukimwuliza chumvi iko wapi, lazima kwanza aombe kibali.

Basi nikajifunza ufundi wa masanduku, nikifagia karakana ya watu miaka miwili kabla ya kukabidhiwa bisibisi. Nilipofikisha miaka ishirini na tano nikaenda kuchukua leseni. Sheria ya kazi yetu ni kwamba kila fundi apimwe meno kwanza, kwa sababu usingizi wa sandukuni unaacha mviringo ndani ya jino, mmoja kila mwaka, na mtu aliyelala zaidi ya miaka kumi haruhusiwi kujaribia masanduku kwa mwili wake. Daktari alikuwa mama mmoja mnene mwenye utani mwingi. Akatazama jino langu, akatazama tena, kisha akaniuliza nilikuwa naficha nini, maana nimelala miaka kumi na moja. Nikamwambia sijawahi kulala hata siku moja. Akanijibu kwamba mdomo unaweza kusema utakavyo, jino halina sababu ya kumdanganya.

Kumi na moja. Nilikaa na namba hiyo miaka tisa bila kumwambia mtu. Nikawa naomba kila kazi ya jeshi inayotangazwa, hata zile zisizokuwa na faida, mpaka miaka mitatu iliyopita nikapewa ile niliyokuwa naitaka: kubomoa masanduku ya zamani kwenye kambi aliyokuwa akifanyia kazi Mzee. Yalikuwa kumi na sita. Kumi na tano yalikuwa ya mita mbili na robo. Moja lilikuwa la sentimita mia na ishirini. Ndani yake kulikuwa na mto mdogo, na mshono wa mto ule ulikuwa wa mama, ule wa kurudia mara mbili kwenye kona. Kwa hiyo alijua. Alijua, na alichoweza kufanya ni kushona mto.

Faili lilikuwa kwenye kabati la chuma, limeandikwa kwa mwandiko wa Mzee, zile herufi zake zilizosimama kama gwaride. Ukurasa wa kwanza unasema: Mtoto wa kwanza, jike, miaka mitano, kilo kumi na saba, amelazwa. Ameandika jike, dada, kama mtu anayeandikisha mbuzi. Chini yake anaeleza kwamba wakubwa wanataka kujua kama mtoto anaweza kulazwa muda mrefu na kuamka bila kukua, na kwamba amejitolea wa kwake ili siri isitoke nje ya familia. Alipandishwa cheo mwezi uliofuata. Tarehe iko pale.

Sasa soma taratibu. Nililazwa nikiwa na miaka mitano. Wewe ulizaliwa mwaka wa pili nikiwa sandukuni. Ulipofika tisa ndipo nikatolewa, mwili wangu ukiwa bado wa miaka mitano. Leo wewe una arobaini na moja; mimi, kwa mwili, thelathini na saba; kwa kalenda, arobaini na nane. Sikuzaliwa nje. Nimezaliwa na mama yule yule, kitanda kile kile, miaka saba kabla yako. Shikamoo zote ulizozipokea kwangu ukiwa umekunja nne, ulikuwa unapokea kwa mkubwa wako.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuumiza kiasi cha kutosha. Lakini faili lina ukurasa wa pili, na ukurasa huo ni wako. Umeandikwa: Mtoto wa pili, jike, wa kulinganisha. Anaeleza kwamba kipimo hakina maana bila mtoto mwingine wa damu ile ile anayekua macho, na kwa hiyo mama ameelekezwa abebe mimba nyingine. Hukuombewa, dada. Uliagizwa, kama mizani.

Unazikumbuka siku zako za kuzaliwa? Kila mwaka Mzee alivaa gwanda lililopigwa pasi, akakushika mkono, akakupeleka kambini kumwona daktari wa meno, halafu mkapita kula aiskrimu. Ukirudi ulinionyesha ulimi wenye rangi na kuniambia kwamba mimi baba hajawahi kunipeleka popote. Ilikuwa kweli. Mimi nilishapelekwa. Wewe ulikuwa unapelekwa kupimwa: urefu, uzito, upana wa kichwa, na kila jino la utoto lililong'oka likawekwa kwenye kichupa chenye namba. Vichupa viko ishirini. Aiskrimu nayo imeandikwa, safu ya mwisho, chini ya gharama za kumtuliza mtoto. Ulipofika miaka kumi na saba vipimo vikakoma, na ukikumbuka vizuri utaona huo ndio mwaka ulipoanza kulalamika kwamba Mzee amebadilika, hakujali tena.

Sasa niingie kwenye swali lako la ghala. Mzee alikuja karakana miezi miwili iliyopita na moyo wake ule uliochoka, akasema madaktari wamemwahidi moyo wa kutengenezwa baada ya miaka sita, na kwamba anataka kulala mpaka hapo. Wewe ulikwisha kutia sahihi. Alisema hamwamini fundi mwingine. Nikampima mwenyewe, sentimita mia na sabini na nne, kilo sitini na moja, nikamtengenezea sanduku zuri, sina aibu nalo. Unapaswa kujua kitu kimoja cha kazi hii: dawa ya kumlaza mtu huchanganywa siku ile ile kwa idadi ya miaka atakayolala. Ukimfungua kabla ya miaka kutimia, unafungua maiti. Hakuna fundi anayeweza kulirekebisha hilo, na mimi ndiye ninayewafundisha.

Nilichanganya chupa mbili. Moja ya miaka sita aliyoomba. Nyingine nilichukua sita yake nikazidisha kwa kumi na moja yangu. Alipokwisha kulala chali, nikamwuliza nani kati yetu alizaliwa kwanza. Akasema hilo ni la kazi. Nikamwambia kazi imekwisha, kambi nimeibomoa kwa mikono yangu, faili ninalo nyumbani, nataka tu alitamke kwa mdomo wake, mara moja. Akaniambia nifunge kifuniko, baridi inamwingia. Nikamwuliza mara ya tatu, na chupa ya miaka sita nilikuwa nayo mkononi, naapa. Akatabasamu, lile tabasamu alilokuwa akiwapa wakubwa zake, akasema wa kwanza au wa pili, sote wawili tulifaa.

Nikaiweka chini, nikachukua nyingine.

Kwa hiyo ataamka baada ya miaka sitini na sita, tarehe kumi na nne, mwezi huu huu. Wewe utakuwa na miaka mia na saba, yaani hutakuwepo. Mwanao mkubwa, ambaye leo ana kumi na nne, akijaliwa atakuwa na themanini, na babu yake atafungua macho akiwa bado na sabini na nane. Ni yeye atakayelazimika kumweleza babu kwamba wote walikuwa wamekwenda kwa bibi. Ghala sitakwambia, na ukilitafuta peke yako hutampata, kwa sababu kwenye karatasi zake sikuandika jina wala cheo. Nimeandika: Mtu mzima, dume, kilo sitini na moja.

Kama unataka kumwona tena ukiwa hai, njia ni moja. Nimetengeneza sanduku la pili, la muda ule ule, litakalowekwa ubavuni mwake. Ukilala humo mtaamka pamoja, wewe ukiwa na arobaini na moja yako, na utaweza kumwuliza mwenyewe kama kuna siku hata moja alikupeleka kambini kwa sababu alikupenda. Watoto itabidi uwaage. Huna haja ya kuja mapema kupimwa. Vipimo vyako vyote ninavyo mpaka miaka kumi na saba, kiunoni nimeongeza kidogo.

Nisalimie shemeji, mwambie ile betri ya gari lake nitaituma Jumatatu. Watoto wabusu, mdogo umwambie nimeipata michoro yake na nimeibandika ofisini. Nakutakia afya njema na goti jepesi. Sanduku nimekushikia mpaka tarehe ishirini. Baada ya hapo lina mteja.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,

Kifurushi