Mawe Meupe ya Lugunya

Lugunya, 4 Mei 2025

Mjukuu wangu Esta,

Hujambo, mayu? Huku tu wazima, ila sikio langu la pili nalo limeanza kufunga duka, asiyepaza sauti karibu simsikii, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Juliana wa steshenari ya Kahama ataipiga picha barua hii akurushie. Jibu lako atalichapa, na mtu wa bodaboda ataniletea.

Nina jambo, nikueleze taratibu. Mwezi uliopita Masudi, yule muuza madumu, alikuwa anachimba choo chini ya kilima, akaokota dhahabu. Wiki haikuisha, mahema yakawa mia mbili. Sasa Abdul, mwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kule Geita, ameomba kibali cha kuchimba kilima chote. Na kilimani wamelala watemi wetu watano, nami ndiye mlinzi wao.

Ofisa wa vibali alikuja, akazunguka, akasema, "Mzee, mimi naona mawe na nyasi." Hakukosea. Wazee wetu hawakuweka alama kwenye kaburi la mtemi, ili adui asilifukue. Hulijua mtu mmoja tu, naye humwonyesha mmoja kabla hajafa. Mimi nilionyeshwa na baba yangu mwaka 1968.

Kikao ni tarehe 14 Juni. Tusipokuwa na ushahidi, kilima kinakwenda. Wewe na wenzako kazini mnarusha droni juu ya magofu huko pwani. Rusheni na huku, mayu. Sina pengine pa kwenda.

Babu yako


Dar es Salaam, 7 Mei 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anauliza kama unameza dawa za presha au unazihifadhi kabatini kama vyeti.

Nakuja tarehe 20 na Marselino, mrusha droni wetu. Itapiga picha maelfu, kisha kompyuta itaziunganisha ziwe kilima kizima. Mtu akivaa miwani yetu atatembea Lugunya akiwa amekaa kwenye kiti. Na ukiwa pale kilimani bila miwani, inua simu tu: nyumba za mtemi zitasimama tena kwenye kioo.

Lakini Babu, ofisa atauliza kila kaburi liko wapi hasa. Itabidi utuonyeshe yote matano, tuweke nukta, nawe ulieleze kila moja kwa sauti yako. Najua ninachokuomba. Ungekuwa na njia nyingine usingeniandikia.

Mjukuu wako, Esta


Lugunya, 15 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Natumaini mlifika salama mwezi uliopita; miwani mliyotuachia imetufaa. Mimi leo sisikii hata maumivu ya goti.

Kikao kilikuwa jana. Bi Mwahija, jirani yangu, alipovaa miwani aliinama ghafla akisema paa litamgonga. Watu wakamcheka: "Bibi, hilo paa lilianguka kabla hujazaliwa!" Naye akajibu, "Basi mbona ninyi mmeinama?" Foleni ilifika hadi barabarani. Nimefundisha historia miaka thelathini na nne, sijawahi kuona watu wakiipangia foleni.

Usiku ule kabla ya kuwaonyesha makaburi sikulala. Lakini nilipoanza kueleza, nilieleza sawasawa, kama darasani. La tatu nililipa muda zaidi: namna wachimba kaburi walivyokutana na mkanda wa mawe meupe yenye kutu, wakawasha moto juu yake na kumwagia maji siku tatu hadi yakapasuka. Mwanafunzi hukumbuka kituko kama hicho kuliko tarehe.

Hata Abdul alivaa miwani, mara mbili. "Mwalimu, nirudishe kaburi la tatu, nimelipenda." Watu wakamtania kwamba anataka kuoa huko. Nilimsifu mbele ya wote kwa kupenda historia.

Ofisa amekataa kibali chake. Bango la hifadhi litaletwa tarehe 23. Na kwa kuwa ulituma ile kazi kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, sasa kila mtu anatembea na watemi mfukoni. Tumeshinda, mayu.

Babu yako


Dar es Salaam, 17 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Nisamehe, sina salamu ndefu.

Marselino ana kaka aliyefanya kazi kwenye maduara, kwa hiyo anayajua mawe. Leo amesikiliza sauti yako, akavua miwani akaniuliza, "Babu yako anajua amesema nini?" Mawe meupe yenye kutu ndiyo mwamba wanaoutafuta wachimbaji. Dhahabu hulala humo. Tumewaambia mwamba ulipo, tukawawekea na nukta.

Kosa ni langu. Siku ile ya kurekodi nilikuwa nahangaika na betri, nikaunganisha sauti bila kuisikiliza hadi mwisho. Nimeiondoa mtandaoni, lakini walioipakua wanayo. Nimempigia mwenyekiti wa kijiji mara sita, hapokei. Simu ya Masudi imezimwa. Babu, tafuta watu walale kilimani hadi bango lifike. Leo hii, nakuomba.

Esta


Lugunya, 24 Juni 2025

Mjukuu wangu Esta,

Hujambo. Barua yako ilikaa Kahama siku nne, mtu wa bodaboda alikuwa na homa. Imenifikia Jumapili. Wao walipanda Jumamosi.

Ilikuwa siku ya gulio, kijiji kitupu. Walipanda wameinua simu kama ulivyotufundisha. Hawakupoteza hata hatua: walisimama juu ya nukta, wakachimba pale pale. Walianza na la tatu. Mwamba upo. Kisha wakafuata mengine yote, wasije wakaacha kitu. Mwenyekiti anasema simu yake ilikuwa kwenye chaji.

Abdul nilimkuta njiani akishuka. Alivua kofia. "Shikamoo, Mwalimu. Ulitufundisha vizuri." Wala hakuwa ananidhihaki. Nikaitikia marahaba, kwa mazoea.

Jana bango limeletwa. Limesimikwa ukingoni mwa shimo, penye udongo laini.

Mifupa waliitupa na kifusi. Nimeiokota peke yangu, kwenye viroba vya mchele. Watano hawatofautishwi tena. Baba yangu alinionyesha kila mmoja kwa jina lake.

Babu yako


Dar es Salaam, 25 Juni 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Nimelia hadi Mama amedhani umekufa.

Nakuja Jumamosi. Tutawazika pamoja. Sitabeba droni, wala miwani, na simu nitaiacha kwa Juliana. Unionyeshe mimi, kama baba yako alivyokuonyesha, nami nitamwonyesha mmoja. Usiubebe mzigo huu peke yako. Niandikie kwamba unaningoja.

Mjukuu wako, Esta


Lugunya, 26 Juni 2025

Esta,

Hujambo, mayu. Goti limerudi.

Nimeshawazika.

Njoo, nakungoja. Bi Mwahija ameahidi kuku. Lete dawa za presha, za hapa zimekwisha. Tutakaa uani na utaniuliza chochote unachotaka, isipokuwa hicho kimoja: nimewazika wapi. Mwaka 1968 palikuwa na mtu wa kumwonyesha na mahali pa kumwonyesha. Sasa nitakwenda napo kaburini.

Picha ziache, watu wayaone mawe. Sauti yangu ifute.

Babu yako