Spiriti Iliyomwagwa kwenye Karakana ya Ibighi

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA RUNGWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanabibi Yussuph. Umri: miaka 41. Kabila: Mzigua. Dini: Muislamu. Kazi: fundi wa kupiga polishi samani. Makazi: Ibighi, Tukuyu. Tarehe: 17 Juni 2025, saa 5:20 asubuhi.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nafanya kazi kwenye karakana ya samani ya Mzee Hasheem, Ibighi. Mtuhumiwa Lugano namfahamu, ni seremala mwenzetu. Ni fundi hasa, ila pombe ilimzidi nguvu. Mwanzoni mwa mwaka huu Mzee Hasheem, badala ya kumfukuza, alimpeleka kwenye matibabu Mbeya na kumtunzia nafasi yake. Kuna walionuna. Mimi nilimwombea Mzee dua kwa hilo.

Lugano aliporudi mwezi Mei, afisa ustawi wa jamii alikuja akatukalisha kitako. Tukakubaliana kwamba kila Alhamisi aende kliniki, na tusimtume kitu kwenye njia ya vilabuni. Pale karibu wote ni Waislamu, pombe haiingii, tukaona tumemaliza. Kumbe spiriti ya kuchanganyia polishi iko stoo miaka yote. Kwetu ile ni kama gundi na misumari, nani angewaza kuwa ni kilevi? Hata mimi ninayeishika kila siku sikuwaza.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni, tulipotoka msikitini, Mzee alimkabidhi Lugano ufunguo wa stoo mbele yetu sote. Pale kwetu ufunguo ule hupewa mtu anayeaminika kuliko wote. Mzee alisema, "Sasa umepona, mwanangu." Tukapiga makofi. Lugano alipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nilidhani ni furaha.

Leo saa 1:00 asubuhi nilifika kazini, ukungu bado mzito. Nilimkuta Lugano nyuma ya karakana akimimina spiriti ya dumu mtaroni. Nyingine ilikuwa inamrukia kwenye suruali. Nikamwambia, "We Lugano, una wazimu?"

Akajibu, "Dada, tangu Ijumaa kila nikifungua ule mlango naisikia harufu yake. Leo nimeshaitia kwenye kikombe."

"Si ungemwambia Mzee?"

"Amenisifia mbele za watu. Ningeanzaje kumrudishia ufunguo?"

Kikombe kilikuwa pembeni, kimejaa. Akakichukua akakimwaga nacho, mimi naona.

Hapo akaingia Haruni, mdogo wake Mzee. Aliposikia harufu tu akaanza kufoka, eti mlevi hawezi kubadilika. Akampigia simu kaka yake. Mzee alipofika alikuwa haongeleki. Alisema Lugano ameharibu mali yake na kumwaibisha, kazi basi, akaja kufungua shauri. Hakumuuliza Lugano kilichotokea. Mimi nilitaka kusema, Haruni akaniambia ninyamaze. Pale nilinyamaza, lakini hapa sinyamazi.

Lugano hakunywa. Harufu iko kwenye nguo, afande, haiko mdomoni. Kile kipimo mnachowapulizisha madereva barabarani mnacho, mpimeni. Ile spiriti inapofusha macho, inaua. Angeinywa, leo ungekuwa unaandika habari za msiba, na mimi ningekuwa napiga polishi jeneza lake. Inaniuma sana. Asubuhi hii mtu ameishinda pombe akiwa peke yake kwenye baridi, na sisi tuliomwahidi kumsaidia ndio tumemleta mahabusu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: Mwanabibi Yussuph

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, Koplo Simon. Mtuhumiwa amepimwa kwa kipimo cha pumzi, hakukutwa na kilevi. Kwa ridhaa ya shahidi nimemsomea mlalamikaji maelezo haya. Ameomba shauri lisiendelee na mtuhumiwa arudi kazini kesho. Mtuhumiwa alipoelezwa hakushukuru wala hakulalamika. Ameuliza kama spiriti nyingine itanunuliwa na itawekwa wapi. Mlalamikaji amemjibu kuwa itakaa nyumbani kwake, chumbani anakolala. Ndipo mtuhumiwa alipolia.