Ngazi ya Mama Nasambu

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Naitiri tuko salama, na mahindi yameanza kutoa ndevu. Natumaini baridi ya Kitale haijakuzidi.

Umeuliza kwa nini, kwenye picha ya kuzindua sanamu ya Mama Nasambu pale sokoni, ni mimi peke yangu ninayecheka. Nilicheka kwa sababu wamembebesha mtungi kichwani. Maji sisi sote tulichota. Nasambu tunamkumbuka kwa paa.

Alikuwa mjane, jirani yetu. Nyumba yake ilivuja, na enzi hizo mwanamke kupanda juu ya nyumba ulikuwa mwiko, ati analeta mkosi. Alingoja wanaume mpaka akachoka. Siku moja akaegemeza ngazi, akapanda, nami, msichana bado, nikawa nampitishia nyasi za kuezekea.

Shemeji yake mzee akaja mbio. "Wewe mama, shuka! Unataka kutumaliza?"

"Nitashuka, shemeji, nikimaliza."

Mara ngazi ikaanza kuteleza. Mzee akaishika kwa mikono miwili. Aligomba mpaka paa likaisha, lakini ngazi hakuiachilia. Wangeniuliza mimi, wangemchonga na yeye hapo chini, mdomo wazi.

Baba yako bado analalamika, ati msichana gani huyo anasomea kupanda nguzo za stima. Alikuwa akilalamika hivyo asubuhi hii, huku akikufungia viatu vipya vya kazi ndani ya huu mzigo.

Ni mimi Kukhu wako, ninayekupenda.